Barua ya wazi kwa wanaoshika mali za kanisa letu: turudishieni vitabu vya ubatizo

Kwa Waheshimiwa Wakuu mnaosimamia majengo, ardhi na kumbukumbu za kanisa letu,
Unguja.

YAH: VITABU VYA KANISA, MAKABURI NA JENGO LA KANISA LA KIJIJI CHETU

Shikamooni, baba zangu. Na kwa wale mlio rika langu au wadogo zangu, hamjambo.

Hii ni barua ya tano. Nne za mwanzo nilizipeleka mwenyewe kwa mkono, kila moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo kwenye faili la bluu. Ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo, nimesimama mlangoni: “Linafanyiwa kazi.” Ya pili na ya tatu hazikujibiwa kabisa. Ya nne, aliyeipokea aliniuliza, kwa upole tu, kama sijachoka. Nimechoka, na ndiyo sababu hii naiweka mbele ya watu.

Sitataja jina la kijiji, la ofisi wala la mtu. Sitaki kumvua mtu nguo, na pia najua wahusika mtajitambua kabla hamjafika nusu ya ukurasa. Baadhi yenu mmevaa kola nyeupe, baadhi mna viti vya ofisi, na kwa muda mrefu kila upande umekuwa ukinielekeza kwa mwenziwe.

Kwanza nieleze sisi ni nani, maana nimegundua kwamba baadhi ya waliokuja karibuni hawajui.

Waliotuzaa hawakuja Unguja kwa hiari yao. Misheni ya Vyuo Vikuu, hiyo UMCA ya wazee, ya Waanglikana kutoka Uingereza, ilifika hapa mwaka 1864 na Askofu Tozer na Dk. Steere. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wavulana waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa, na Sayyid Majid, Sultani wa wakati ule, ndiye aliyewakabidhi kwa misheni. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kupewa ushemasi mwaka 1879. Shamba la Mbweni lilinunuliwa na misheni mwaka 1871. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, Sultani aliyemfuata Majid, alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Baada ya hapo, watu waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza walipelekwa Mbweni, wakapewa vipande vya kulima, na watoto wao wa kike wakasomeshwa pale pale. Kanisa la Mtakatifu Yohana la Mbweni liliwekwa wakfu mwaka 1882, mwaka ule ule aliofariki Askofu Steere.

Kanisa letu ni mtoto wa lile. Watu wa Mbweni walizaana, wakatawanyika, wengine wakaja kulima muhogo huku kwetu na kujenga kanisa dogo la mawe na chokaa, lenye kengele moja na kisima nyuma yake. Halimo kwenye vitabu vya wageni. Kijijini, lakini, hata asiyeingia ndani anaiishi habari yake. Kisima kile wanawake wote wanakiita kisima cha misheni, na wengi wanaoteka maji pale ni Waislamu. Kengele ikilia si saa ya Misa, hakuna anayeuliza mwenziwe dini yake, kila mtu anatoka mbio, maana kuna nyumba inaungua au ngalawa haijarudi. Krismasi sinia za pilau zinatoka kwetu, Idi zinarudi zimejaa, kwa sababu kwetu sinia hairudi tupu. Nimeyaeleza haya mapema kwa sababu nitayahitaji huko mbele.

Sasa malalamiko yetu.

1. VITABU

Vitabu ni vitatu: cha ubatizo, cha ndoa na cha maziko. Cha ubatizo ndicho kikubwa. Jalada lake jeusi limeliwa pembe na mende, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Kila ukurasa umepigwa mistari ya safu: tarehe, jina la zamani, jina jipya, kabila, wazazi, msimamizi, padri. Nilipokuwa katibu wa wazee wa kanisa nilikuwa nikikifungua baada ya kunawa mikono na kuifuta ikauke, kwani katibu aliyenitangulia, marehemu, alikuwa hacheki na mtu kwa jambo hilo.

Bibi yake bibi yangu yumo. Safu ya kabila imeandikwa Myao. Safu ya wazazi haina kitu. Usidhani mwandishi alisahau. Ukiteremsha kidole kutoka juu ya ukurasa hadi chini, safu ile ni tupu mstari baada ya mstari, na mara moja moja imetiwa kistari. Walikuwa watoto. Walichukuliwa wadogo, wakapitishwa mikono mingi, na walipofika mbele ya padri hawakuwa na jina la baba la kumtajia.

Jirani yangu wa kulia ukimuuliza nasaba anakuhesabia mababu mpaka Hadhramaut. Wa kushoto atakufikisha kwa Washirazi wa Makunduchi, na kila babu ana kisa chake. Mimi nikihesabu nafika kwenye mstari ule, wa ukurasa ule, nasimama. Kwangu dunia inaanzia hapo. Ndiyo maana mkiniambia “ni vitabu tu, mzee,” nashindwa kuwajibu kwa adabu.

Vitabu viliondokaje? Walikuja vijana wawili na gari, na barua yenye muhuri. Wakasema vitabu vya zamani vya makanisa yote vinakusanywa vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na vitarudi ndani ya miezi mitatu. Niliwaangulia madafu. Nilivifunga mwenyewe, kwa khanga ya mke wangu, nikavipanga ndani ya boksi la sabuni ili visisuguane. Wakanisainia karatasi. Sasa ni miaka tisa. Mke wangu hadi leo ananiuliza khanga yake.

Mnaweza kusema vimepotea, na bahati mbaya haina kinga. Ningelikubali, kwa shida, lakini ningelikubali. Ila mwaka jana alikuja mgeni kijijini, mtu mstaarabu, anatafiti habari za Mbweni, akanionyesha kwenye simu yake picha ya ukurasa mmoja. Niliutambua kabla sijasoma jina hata moja. Pembeni, chini, kuna doa la mafuta ya taa lenye umbo la jani la mkungu. Doa hilo nililitia mimi, usiku mmoja umeme ulipokatika, na kwa ajili yake nilinuniwa wiki nzima na yule katibu mkali. Mgeni hakuwa na kosa, alipewa picha na mtu aliyepewa na mtu. Basi vitabu vipo, vinafunguliwa, na vinaonwa na watu wanaovuka bahari kuja kuvitazama, isipokuwa sisi ambao majina yetu yamo ndani.

Na madhara yake hayaishii kwenye hisia za mzee mmoja. Pensheni jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi ilipoanza mwaka 2016, hapa kwetu watu waliozaliwa kabla ya kuzoeleka vyeti vya serikali walikuwa wakithibitisha umri kwa kitabu cha ubatizo. Baada ya vitabu kuondoka, mama mmoja jirani yangu alizunguka na mashahidi miezi mingi kwa jambo ambalo mimi ningelimaliza kwa robo saa na kalamu. Vijana wakitaka kufunga ndoa Bara wanaombwa cheti cha ubatizo. Nawaandikia nini? Kwamba namkumbuka akilia kwenye maji?

2. MAKABURI

Upande wa mashariki wa kanisa, chini ya miembe, ndipo tulipozika wetu. Makaburi mengi hayana maandishi. Yana jiwe la tumbawe kichwani na jingine miguuni, basi. Asubuhi moja baada ya Pasaka tulikuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa katikati yake, na kimoja kimepigwa juu ya kaburi kabisa. Miezi miwili baadaye ukapanda ukuta wa matofali, na safu nzima ya makaburi sasa iko upande wa pili wake, kwenye kiwanja cha mtu. Mwenye kiwanja anazo karatasi. Alizipata wapi, hilo ni swali lenu, mimi sina ugomvi naye. Alipoanza kuchimba msingi na fundi wake akakuta mifupa, alikuja kwangu anatetemeka, akasimamisha kazi kwa hiari yake.

Kaburi la Bi Caroline Thackeray liko Mbweni na linajulikana. Alifika mwaka 1877, akawafundisha wasichana wa pale, akabaki Unguja hadi alipofariki mwaka 1926. Anastahili heshima hiyo. Lakini wale wasichana aliowafundisha nao walikufa wakazikwa mahali, na baadhi yao wamezikwa kwetu. Kitabu cha maziko ndicho kingeonyesha nani kalala wapi. Mnaona jinsi jambo la pili linavyorudi kwenye la kwanza? Mtu akiniuliza una ushahidi gani kuwa hapa ni makaburi, ushahidi wangu uko kabatini kwenu.

3. UKUTA

Hapa niseme wazi kwamba mlileta msaada, na tulishukuru. Tatizo ni msaada wenyewe. Mkandarasi mliyemtuma alikwangua lipu yote ya chokaa upande wa kusini, akapiga saruji. Ilikuwa nzuri, nyororo, tukapiga picha. Masika ya kwanza ukuta ukaanza kutoa jasho kwa ndani. Ya pili saruji ikavimba, na leo inabanduka mapande makubwa kama magamba, ikitoka na jiwe lake. Ukipitisha kiganja pale kinarudi cheupe kwa chumvi.

Fundi yeyote wa zamani wa Unguja angewaambia. Jiwe la matumbawe lina chumvi na linanyonya maji. Chokaa inayaachia maji yatoke, saruji inayafungia ndani, nayo yakikosa njia yanavunja jiwe. Chokaa yetu ilichomwa hapa hapa, kwa mawe ya matumbawe na magogo ya minazi, ikazimwa kwa maji shimoni na kuachwa miezi kabla haijaguswa. Mzee aliyejua kazi hiyo yungali hai, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Ni Muislamu. Alikuja mwenyewe kumwambia mkandarasi, akaambiwa akae pembeni asije akachafuka.

Tarehe 25 Disemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka pale Forodhani, na watu wawili wakafa. Habari zilipotufikia, wengi wetu tuligeuka kuutazama ukuta wa kusini, bila ya mtu kusema. Jumba alilolijenga Sayyid Barghash, ambalo dunia nzima inalijua, lilisubiri matengenezo mpaka likaanguka. Kanisa la kijiji lenye mabenchi kumi na manne litasubiriwa na nani?

4. UFUNGUO

Hili fupi. Tangu waanze kuja watalii, ufunguo wa mlango mkubwa uko kwa mtu mliyemteua nyinyi, na wageni wanatozwa kiingilio. Sipingi kiingilio. Ninachokipinga ni kwamba mwezi uliopita akina mama waliokuja kufagia siku ya Ijumaa walikuta kumefungwa, wakaambiwa wasubiri mpaka “kundi” litoke. Walisubiri nje na fagio zao. Na hesabu ya fedha hizo hatujawahi kusomewa hata Jumapili moja.

5. PADRI

Anakuja mara moja kwa mwezi, na simlaumu, ana vituo vingi na pikipiki moja. Lakini wazee wetu wa Mbweni walimtoa Cecil Majaliwa, aliyefundisha pale na mwaka 1890 akawa padri, akahubiri mpaka kwa Wayao wenzake huko kusini mwa Bara. Tunao vijana wawili walioomba kwenda chuo. Fomu zao pia zinafanyiwa kazi.

Sasa najua mtajibu nini, kwa kuwa nimeshajibiwa.

Mtasema vitabu viko salama zaidi mjini kuliko kwenye kabati la kijijini lenye mende. Inawezekana. Basi nionyesheni vilipo. Nitapanda daladala, nitanawa mikono, nitaviangalia, nitarudi. Mtu akikutunzia mali yako hakufichi mahali alipoiweka. Na mkitaka vibaki mjini, tupeni nakala kamili za kurasa zote zilizochapwa na kujalidiwa, na karatasi inayosema mali ni ya nani.

Mtasema ardhi yote ya Zanzibar ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi, kwa hiyo kanisa halina cha kudai. Hilo nalijua, na eka tatu za marehemu baba yangu zilitokana na hapo hapo. Lakini haki ya kutumia ardhi ipo kisheria. Na hata katika miaka ile migumu, skuli za misheni zilipochukuliwa na serikali mwaka 1964, makaburi yetu hakuna aliyeyagusa. Mnataka yaguswe leo?

Mtasema waumini wenu wachache. Kweli. Jumapili ya kawaida tunafika watu thelathini na kitu, pamoja na watoto wanaocheza chini ya mabenchi. Sasa rudini kule juu nilikosema nitayahitaji yale maneno. Barua ya nne niliyowapelekea ilikuwa na kiambatisho, barua ya sheha wetu, ambaye ni Muislamu, akisema kijiji kizima kinaomba makaburi na kisima vilindwe. Ilikuwa na saini za watu sitini na mbili. Walio wa kanisa kati yao ni kumi na tisa. Kama uchache ndio hoja, wahesabuni wote.

Mtasema hakuna fedha. Kuandika jibu kunahitaji kalamu. Misheni iliyotuzaa ilikuwa na mtambo wa chapa hapa Unguja katika karne ya 19. Steere alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, na lugha yetu hii ya Unguja ndiyo aliyoitumia kutafsiri Maandiko. Warithi wake wameshindwa kutuandikia mistari mitatu.

Kwa hiyo tunaomba haya, na tunayaomba kabla ya masika:

(a) Vitabu vitatu virudi, au tuelezwe kwa maandishi viko wapi, vina hali gani, na nani aliruhusu picha zake kutoka.

(b) Ujenzi wowote usimame kwenye eneo la makaburi mpaka mipaka ipimwe upya mbele ya sheha, wazee wa kanisa na mwenye kiwanja. Huyo bwana naye asidhulumiwe, kama aliuziwa makaburi kwa jina la kiwanja basi arudishiwe fedha zake na aliyemuuzia.

(c) Saruji ya ukuta wa kusini itolewe, na kazi ya chokaa isimamiwe na yule mzee angali ana macho. Vijana wetu watakuwa vibarua wake bila ya malipo. Mawe tutayabeba wenyewe.

(d) Ufunguo wa pili ukabidhiwe kwa akina mama wanaofagia. Hesabu ya kiingilio isomwe kanisani kila robo mwaka.

(e) Vijana wetu wawili wajibiwe, ndiyo au hapana.

Sijaomba mtu afukuzwe, na sitaomba. Masika yakianza bila ya jibu, tutakwenda na sheha mpaka kwa wanaosimamia ardhi, na ile karatasi ya boksi la sabuni tutakwenda nayo. Nimeshaitoa nakala kumi.

Kama vitabu mtavileta, mimi nipo nyumbani kila Jumamosi asubuhi, barazani, upande wa kisima. Msivitie kwenye mifuko ya plastiki, vitashika unyevu njiani. Vifungeni kwa kitambaa kikavu. Khanga ile ikiwapo bado, itafaa.

Wenu katika utumishi,

Katibu mstaafu wa wazee wa kanisa,
kwa idhini ya wazee na Umoja wa Akina Mama wa kijiji.

Nakala: Sheha wa shehia yetu, fundi wa chokaa, mwenye kiwanja.